Mlango Unaoingia Ukutani

Kwa miaka mingi niliuliza darasani, "Mmeelewa?" nao watoto wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu." Jibu hilo nilikuja kulifahamu uzeeni, mbele ya mlango wa bafu la nyumba yangu.

Mke wangu alianguka bafuni. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, naye akawa ameuziba kwa mwili wake. Kila nilipousukuma nilimsukuma yeye. Alipopona nilimwita fundi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akiketi nyuma na kuitikia pamoja na wenzake. Akashauri mlango wa kuteleza, unaoning'inia kwenye reli na kuingia ndani ya ukuta.

Alivunja kipande cha ukuta wa tofali, akasimamisha fremu ya mbao yenye uwazi katikati, mfano wa mfuko wa shati. Kuufunika mfuko huo ndiko kulikomchukua siku nyingi. Upande wa bafuni alifunga bodi za saruji, kwa kuwa jipsamu ya kawaida ikinywa maji hulainika. Upande wa koridoni akafunga jipsamu. Skrubu alizipima kwa rula: bodi milimita 12, ubao ulio nyuma yake 20, basi skrubu ya milimita 25 yatosha. Iliyozidi sana ingetokeza mfukoni na kuuchuna mlango. Pale bodi ilipokutana na tofali alibandika utepe wa wavu kabla ya plasta, maana mbao na tofali havitanuki sawa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliuziba kabla haujazaliwa. Bafuni akapaka dawa ya kuzuia maji, ndipo akaweka vigae. Ubao mmoja wa pembeni mwa mlango aliufunga kwa skrubu bila gundi, ili siku reli ikiharibika mlango utolewe pasipo kubomoa ukuta.

Akiondoka alinionya, "Mwalimu, ukuta huu usipigwe msumari."

"Nimeelewa," nikajibu.

Wiki haikupita. Mke wangu akiwa anaoga, nilipigilia msumari wa inchi 3 pale koridoni, nimtundikie fimbo yake ya kutembelea. Uliingia kwa urahisi, nikafurahi. Alipomaliza kuoga akauvuta mlango. Ukafunguka kiasi cha shubiri, ukagoma. Mlango ulipokuwa umefungwa mfuko ulikuwa mtupu, na msumari wangu ulikuwa umeukatiza. Katika upenyo ule niliona nusu ya uso wake, na jicho lenye hofu ileile ya siku aliyoanguka.

Niliung'oa msumari mikono ikitetemeka. Mlango ukateleza.

Fundi alirudi kuziba tundu. Hakunigombeza. Alichukua penseli, akachora ukutani mpaka wa mfuko kuanzia juu hadi chini, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, nionyeshe mahali unapoweza kupigilia."

Nikaweka kidole kwenye tofali, nje ya mstari.

"Hapo sawa," akasema.

Fimbo inaning'inia hapo hadi leo. Kila niitazamapo nawakumbuka watoto wote walioniitikia "Ndiyo, Mwalimu," nami nikafuta ubao na kuendelea na somo, bila kumwambia hata mmoja wao, "Nionyeshe."