Kutoka Leuven hadi Tervuren kwa baiskeli

Nilikuwa Ubelgiji kwa mafunzo ya miezi mitatu, na katika juma la saba mtoto wa marehemu kaka yangu aliniambia: "Baba mdogo, Jumamosi twende tukaone majumba ya wakubwa wa zamani. Tutapanda treni mpaka Leuven, halafu tutarudi kwa kinga." Alisema hivyo, "kinga", kama watu wa Lubumbashi wanavyoiita baiskeli, ingawa alizaliwa Bruxelles na hajakanyaga hata siku moja udongo wa Katanga. Neno hilo alilirithi kwa baba yake. Nilikubali kwa ajili ya neno hilo, kwa maana safari yenyewe niliitilia mashaka.

Wapendwa vijana, ninyi mnajua baiskeli ni kitu gani kwetu. Baba yetu alisukuma baiskeli ya makala kwa miaka mingi, akiyatoa porini upande wa barabara ya Kasenga. Nasema alisukuma, sisemi aliendesha: mtu aliyefunga magunia matatu hana mahali pa kukaa. Alitoka nyumbani usiku, akarudi kesho yake jioni, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, bega moja limeinama kuliko lingine. Makala hayo ndiyo yaliyolipa minervali ya kaka yangu mpaka akamaliza masomo na kuondoka nchini. Basi, kupanda baiskeli pasipo mzigo, pasipo haja, ili mtu atazame tu miti na nyumba za watu, kulinionekea kuwa jambo la kitoto. Sikumwambia kijana. Ana miaka 16, na tangu baba yake afariki amekuwa mtu wa maneno machache, hata kwa mama yake.

Kituoni tulikata tiketi zetu wenyewe, kisha tukakata tiketi za baiskeli. Ndiyo, huko baiskeli nayo husafiri kwa tiketi yake! Tulitafuta behewa lenye picha ya baiskeli mlangoni, tukazipandisha, tukazishikilia kama mtu anavyomshikilia mgonjwa garini. Nusu saa hivi baadaye tulikuwa Leuven, mji ambao wazee wetu waliuzoea kwa jina la Louvain. Chuo Kikuu cha Lovanium kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954 kilipata jina lake kutokana na mji huu, kwa kuwa chuo cha hapa ndicho kilichokizaa. Nilipita katika njia zake nikiwa kama mtu anayefika kwa nyanya wa rafiki yake: si kwake, lakini jina alishalisikia.

Kasri la kwanza lipo Heverlee, nje kidogo ya mji, kando ya mto Dijle. Huitwa kasri la Arenberg. Watu wa ukoo wa Croÿ ndio waliolijenga, kisha katika karne ya 17 likaingia mikononi mwa ukoo wa Arenberg kwa njia ya ndoa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza likawa mali ya chuo kikuu. Ni jengo la matofali mekundu na mawe meupe, lenye mnara mkubwa kila upande. Nilitazamia kuona walinzi na milango ya chuma. Badala yake niliona wanafunzi wamelala nyasini na vitabu vyao. Siku hizi watu husomea humo ufundi wa kujenga nyumba. Nilifurahi, sitaficha. Jumba lililojengwa ili watu wachache wakae juu ya wengi sasa lina vijana wenye mikoba mgongoni, wanaoingia na kutoka bila kuinamisha kichwa.

Kutoka hapo tulifuata bonde la mto mdogo uitwao Voer. Unazaliwa Tervuren na kushuka hadi Leuven, nasi tuliupanda kinyume chake, karibu kilomita 20. Sikuona kijana akishika ramani. Kwenye kila njia panda palikuwa na kibao chenye namba na mishale, naye alikuwa ameandika mfululizo wa namba kwenye kipande cha karatasi alichokibandika juu ya usukani. Namba moja inakuelekeza kwa nyingine, basi. Aliponieleza asili ya utaratibu huo nilisimamisha baiskeli ili nimsikilize vizuri. Ulibuniwa na injinia wa migodi, Hugo Bollen, katika jimbo la Limburg lililokuwa na migodi ya makaa ya mawe. Chini ya ardhi, mahali njia zinapokutana, palitiwa namba ili mchimbaji asipotee gizani. Migodi ilipofungwa, yeye akayachukua maarifa hayo na kuyaleta juu, kwenye mwanga, kwa ajili ya waendesha baiskeli. Njia za kwanza zilifunguliwa mwaka 1995. Sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tunajua mgodi unapofungwa huacha nini nyuma yake: mashimo, na baba wasio na kazi. Nilitamani siku moja mtu wa kwetu atoe shimoni kitu kama hicho.

Bertem tulipita upesi, tukilitazama kanisa lake la kale la Mtakatifu Petro, zito na fupi kama mwanamke mzee aliyeketi. Leefdaal ndipo tulipopumzika. Kasri la pale bado ni makao ya watu, kwa hiyo mpita njia huliona kwa mbali tu: kuta, minara yenye paa zilizochongoka, miti mikubwa mbele yake. Tulikaa kando ya njia tukala mikate na mayai aliyotufungia shemeji. Kijana akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye minara: "Baba mdogo, sisi hatukuwa na ngome?"

Nilimsimulia juu ya Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, na boma lake, na biashara ya shaba iliyowafikisha watu wake pwani zote mbili za Afrika. Sikumficha kwamba Msiri aliuza pia watumwa na pembe za ndovu. Enzi yake haikuwa ya malaika. Nikamweleza jinsi alivyouawa mwezi wa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Pili, na kwamba hadi leo Wayeke wanauliza kichwa chake kilipelekwa wapi. Kijana aliacha kutafuna. "Kwa hiyo alizikwa nusu?" Nikajibu ndivyo wazee wanavyosema. Hakuuliza tena, akakunja karatasi ya mikate kwa uangalifu mkubwa, mara mbili, mara tatu, hata ikawa ndogo kama kidole gumba.

Baada ya Leefdaal kuna mwinuko. Si mlima, lakini mwili wangu una miaka 50 na zaidi, na huko nyuma ulizoea kiti cha ofisi. Nilishuka. Nilipoanza kusukuma niliona mkono wangu wa kushoto umekwenda wenyewe kwenye usukani na wa kulia umeshika nyuma ya kiti, kama alivyofanya baba. Hakuna aliyenifundisha. Kijana alikuwa ameshafika juu, akageuka kunitazama. "Papa alikuwa anasukuma hivyo hivyo," alisema. Hilo sikulijua. Kaka yangu, aliyekuwa na shahada mbili, alipanda vilima vya Brabant akisukuma kama mtu wa makala.

Tuliingia Tervuren kwa upande wa Vossem, kupitia hifadhi yenye mabwawa marefu na miti iliyo mirefu kuliko minara yote tuliyoiona. Hapo palikuwa na kasri la watawala wa Brabant, lililobomolewa mwaka 1782 kwa amri ya kaisari Yosefu wa Pili. Limebaki kanisa dogo la Mtakatifu Hubert karibu na maji. Bata walikuwa wanaogelea. Watoto walikuwa wanakula aiskrimu. Kando ya maji kama haya, mwaka 1897, Leopold wa Pili alijengesha vijiji vya kuonyeshea watu wa Kongo. Wakongo 267 waliletwa kwa meli ili watazamwe na Wabelgiji, na waliokuja kuwatazama walizidi milioni 1. Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Saba hawakurudi kwao.

Makaburi yao yako kando ya ukuta wa kanisa la parokia, la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Kijana alinipeleka moja kwa moja, bila kuuliza njia. Nikaelewa kwamba alishawahi kufika. Ni mawe saba yaliyolazwa kwa safu, na majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Hapo mwanzo hawakuzikwa hapa. Walitiwa katika ardhi isiyobarikiwa, na mwaka 1953 tu ndipo mabaki yao yalisogezwa karibu na kanisa. Miaka 56 ya kungoja, na umbali wenyewe mtu angeweza kuutembea kwa miguu.

Nilifanya ishara ya msalaba nikaanza kusali kwa sauti ndogo. Kijana alisimama nyuma yangu. Nilipomaliza aliniuliza kwa Kifaransa, kwa kuwa jambo hilo Kiswahili chake hakikulitosha: je, hawa nao walitupwa kama watu wasio na ukoo?

Yalikuwa maneno yangu.

Sina budi kuwaeleza, wapendwa, ingawa naona haya. Kaka yangu alipofariki, miaka miwili kabla ya safari hii, ukoo ulitaka mwili urudishwe Lubumbashi. Fedha hazikutosha. Shemeji alihesabu, akaomba, akakopa, kisha akaamua kumzika Bruxelles. Mimi nilimpigia simu usiku ule nikamwambia kwamba amemtupa ndugu yetu kama mtu asiye na ukoo. Nilimwambia mengine pia. Nilidhani nasema na mtu mmoja. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na mtoto wa miaka 14 ameketi mbele yake na sare ya shule.

Nilitaka kumjibu kwamba mila ni mila, na kwamba uchungu humtoa mtu maneno. Yote mawili ni kweli, lakini mbele ya mawe yale hayakutamkika. Waliowaleta watu hawa saba hawakukosa fedha za kuwarudisha. Shemeji alizikosa. Tena yeye aliifua sanda, alimwita padri, alisimama kaburini na mtoto mmoja tu mkononi, huku sisi tuliokuwa wengi tukimlaani kutoka mbali. Kama kulikuwa na mtu aliyekosa ukoo siku ile, hakuwa marehemu.

Nilimwambia: "Nilikosa. Nilimkosea mama yako, nikakukosea na wewe." Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, ili asipoteze hata neno moja. Hakunikumbatia, vijana wa umri huo hawakumbatii. Aliinama akaondoa majani makavu juu ya jiwe la mwisho, kisha juu ya lililofuata, nami nikaanzia upande wa pili. Tulikutana kwenye jiwe la nne.

Kasri la mwisho tulilipita bila kushuka. Ni jumba la makoloni, kama linavyoitwa, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho yale yale ya 1897, mahali ambapo dada wa mfalme, Charlotte, aliyekuwa malkia wa Mexico, alikaa hadi nyumba yake ilipoungua mwaka 1879. Jirani yake ipo makumbusho kubwa ya Afrika, iliyofunguliwa 1910, wakati Leopold ameshakufa. Ni majengo mazuri. Siwezi kusema kwamba si mazuri. Barabara ndefu inayotoka hapo kwenda Bruxelles nayo ilichorwa kwa ajili ya maonyesho hayo, na siku hizi ina njia ya baiskeli chini ya miti, tena inateremka kiasi. Upande mmoja tramu namba 44 hupita msituni ikielekea mjini, na kijana alijaribu kushindana nayo akashindwa, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike.

Shemeji alitufungulia mlango giza limeanza kuingia. Nilikuwa na matope hadi magotini. Nilimwambia kabla sijavua viatu, kwa maana nilijua nikishakaa sitasema: "Shemeji, ninakuomba msamaha kwa maneno ya simu. Na kesho baada ya Misa, ukikubali, unipeleke kwa kaka."

Majuma saba nilikuwa katika nyumba yake, na sikuwa nimemwomba hilo.

Alitazama viatu vyangu, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Ingia kwanza ule," akasema. "Tramu ya kwenda kule hupita saa tano."