Daftari la Kibanda: Mshono Ulionyooka

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mpwa wangu amenitumia picha za vifaa tena. Safari hii ni seti nzima: patasi za meno za kutobolea ngozi, gurudumu la kutia alama za mshono, chombo cha kuchimba mfereji wa uzi, bikari yenye skrubu, na kidude kinachotupa mstari mwekundu wa leza mezani ili ukate bila kupinda. Anaapa kwamba kazi yangu itanyooka kama ya dukani. Jumla shilingi 14,800, bado parseli ya matatu kutoka Nairobi mpaka Tawa.

Sijamjibu. Kwa hela hiyo nanunua ngozi na uzi wa kunivusha Krismasi. Lakini swali lake ni la haki. Mteja akishika mkanda wa suruali, kwanza anaupeleka machoni kama seremala anayechungulia ubao, aone kama mshono umekwenda sambamba na ukingo. Ukiyumba, anaanza bei upya. Kwa hiyo mshono ulionyooka ni pesa, na kwa hilo hatubishani. Tunabishana kuhusu kinachounyoosha.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi nimekaa kwa mzee wa akala. Yeye hutia alama za mshono kwa uma. Uma wa kulia chakula, wa chuma kizito, meno ameyanoa kwa tupa na kuyakunja kidogo kwenda chini. Anaubonyeza kwenye ngozi, anauinua, analirudisha jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, ndipo anabonyeza tena. Kwa namna hiyo umbali wa alama haubadiliki kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho, hata akipiga soga na wapita njia. Patasi ya meno ya mpwa wangu inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: jino la kwanza kwenye tundu la mwisho.

Wala patasi hizo si mambo ya jana. Watengenezaji wa vifaa vya ngozi Vergez Blanchard wa Paris walianza 1823, George Barnsley wa Sheffield 1836, na reli ya Mombasa ilianza kujengwa 1896. Kijana asinitishe kwa neno teknolojia.

Ila tofauti moja ipo, na mzee ameitaja bila kuulizwa. Uma unatia alama tu. Tundu lenyewe analitoboa kwa msharasi, moja moja, na msharasi unafuata kifundo cha mkono. Asubuhi unaingia wima, jioni umelala. Upande wa juu mshono umenyooka kwa sababu ya uma. Geuza uone, matundu yametokea popote yalipopenda. Kwa akala haidhuru. "Mama, nyayo hazina macho," akaniambia, akaendelea kukata tairi.

Mkanda wa suruali hugeuzwa. Pochi hufunguliwa. Huko nyuma nako kunaonekana.

Jumatano, 13 Novemba

Kuhusu bikari nimeshaamua, nisipoteze wino mwingi. Natumia ile ya kisanduku cha jiometri cha mtoto. Kiungo chake kinashikiliwa na msuguano tu, kwa hiyo ukiivuta kwenye ngozi ngumu inafunguka polepole. Unaanza mkanda na milimita 4, unamaliza na 5, na huoni ilipobadilika. Yenye skrubu inakaa pale ulipoiweka. Hiyo ni fedha halali.

Lakini bikari haijui mstari ulionyooka ni upi. Inajua umbali. Mguu mmoja unatembea ukingoni, wa pili unachora. Ukingo ukiwa na tumbo, mstari wa mshono utakuwa na tumbo lile lile. Ndiyo maana sielewi mtu anayenunua vifaa vya kunyoosha mshono huku anakata kwa kisu butu na rula ya plastiki. Rula yangu ni ya chuma, ya mita moja, nilinunua duka la vifaa vya ujenzi. Chini nimebandika utepe wa tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Kisu kinaegemea chuma, hakina pa kwenda. Leza itaonyesha njia tu, haitakishika kisu.

Anaposema "kama ya dukani" nadhani anafikiria viatu vya kiwandani. Huko mshonaji hanyooshi chochote. Kisu cha umbo kinashuka kwa mashine, kinakata kipande pamoja na vijino vya alama ukingoni, na mshonaji anakutanisha kijino na kijino. Unyoofu ulishalipiwa siku kisu kilipotengenezwa. Kwa vipande elfu kumi hesabu hiyo inaeleweka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua haijakatika tangu jana, barabara ya kupanda Kikima ni tope, wateja hakuna. Nimetumia nafasi kupanga ngozi.

Nyingi niliyo nayo ni ya kromu: laini, inanepa, rangi nzuri. Ukiipitishia gurudumu la alama, vijishimo vinajirudisha kabla hujaweka chombo chini. Mfereji wa uzi nao haukai, kingo zake zinafumka. Hapo tunatumia kalamu ya fedha, ile ya mafundi viatu, na alama inafutika kazi ikiisha. Ngozi iliyotengenezwa kwa gome, la muwati kwa mfano, ina tabia nyingine kabisa: ilowanishe kidogo kwa sponji, tia alama kwa ncha yoyote, itaishika mpaka utakapozeeka. Kwa hiyo nusu ya seti ile imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ambayo kwangu ni vipande viwili vilivyokunjwa kwenye gunia. Muuzaji wa vifaa hakuulizi unashona ngozi gani.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Ngozi ya mgongoni haivutiki sana, ya tumboni inavutika. Mkanda wa tabaka mbili, moja ya mgongo na moja ya tumbo, utajipinda wenyewe ukishavaliwa, hata kama mshono ulipimwa na malaika. Mstari ulikuwa sawa siku ya kuuza. Ngozi ndiyo iliyohama chini yake. Dawa ni kukata tabaka zote mbili mahali pamoja, kufuata mgongo, na kuvumilia kwamba tumbo litabaki kwa vishikio vya funguo na vitu vidogo vidogo. Hiyo ni hasara ya ngozi, nayo nilipaswa kuiandika kwenye hesabu ya "vifaa vya kunyoosha", kwa sababu inafanya kazi hiyo.

Jumanne, 3 Desemba

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ameleta viondo vya kutiwa mikanda ya begani. Mteja wake yuko Nairobi na anavitaka kabla ya sikukuu.

Kiondo hakina ukingo ulionyooka hata mmoja. Kimeanza kitakoni, nyuzi za mkonge zimepanda zikizunguka hadi mdomoni, na mzunguko wa mwisho unapokomea pana kijingazi kidogo ambacho msukaji hodari hukificha na ambaye bado anajifunza hukiacha wazi. Mdomo nao si duara kamili, umevutwa kufuata mkono wa aliyesuka. Nikiweka rula hapo, nitakuwa napima nini?

Nafanya hivi. Nachukua uzi, nauzungusha mdomoni mpaka ncha zikutane, nakata. Naukunja katikati. Ncha ya kwanza ya mkanda naiweka juu ya kile kijingazi ili ngozi ikifunike, kisha uzi uliokunjwa unanionyesha ncha ya pili ikae wapi. Kushuka chini nahesabu mistari ya ufumaji, wala si sentimita: mistari sita upande huu, sita upande ule. Ukienda kwa sentimita, ngozi ya upande mmoja itakata mstari wa rangi katikati na ya upande wa pili itaukosa, na jicho la mnunuzi hufuata rangi.

Mwenyekiti ameutazama uzi wangu akacheka. Yeye hupima kwa shibiri. Nikamwambia, "Mwaitu, shibiri yako na ya binti yako si moja, na viondo hivi mmesuka wote." Akasema basi ndiyo maana vya binti vinakaa vizuri zaidi begani.

Sindano nayo haitoboi mkonge. Inapita kati ya nyuzi. Ukizitoboa zinakatika taratibu, na kiondo kinaachia pale pale penye mzigo. Kwa hiyo tundu la ngozi lazima liangukie penye nafasi, na nafasi za msukaji haziko milimita 4 kila moja. Natoboa pembe nne za kiraka cha ngozi kinachoshikilia mkanda kwa kielelezo nilichokata kwenye plastiki ya jerikani, kinapitisha mwanga kiasi cha kuona ufumaji chini yake. Matundu ya katikati nayachagua kiraka kikiwa kimeshikwa juu ya kiondo. Hapa patasi ya meno manne ingenisumbua, maana ingeng'ang'ania umbali wake.

Alhamisi, 12 Desemba

Jamhuri. Jirani alikuja na hoja ya Wamunyu: wachongaji wetu, tangu Mutisya wa Munge alipojifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, wanachonga twiga wa pande mbili sawa kwa tezo, kisu na jicho. Kwa nini mimi nitake bikari? Hoja tamu kwa mtu asiyeuza mikanda. Twiga akiwa na sikio moja nene atapata mnunuzi atakayesema huyo ndiye mwenye uhai. Mkanda wenye mshono mnene upande mmoja hauna mpenzi.

Jumamosi, 21 Desemba

Mpwa amefika kwa sikukuu, na amekuja na patasi mbili za kuazima kwa rafiki yake: ya meno manne na ya meno mawili, milimita 4, meno yameinama. Tumezijaribu juu ya kigogo cha mwembe.

Mkanda wa tabaka mbili, uliogundishwa kwanza na kutobolewa kwa pamoja: nimegeuza, nyuma kumenyooka sawasawa na mbele. Hilo msharasi wangu haunipi jioni, lazima nikiri kwa kijana, na nimekiri. Yale meno mawili yanapita kwenye kona ya pochi vizuri. Mshono ulipokaribia mwisho na nafasi iliyobaki haikugawanyika kwa nne, nimebana matundu machache ya mwisho kwa nusu milimita kila moja. Jicho halioni.

Kisha viraka vya kiondo, cha nje na cha ndani. Hivi havitobolewi pamoja kwa sababu kiondo kiko katikati. Kila kimoja kimetobolewa peke yake kutoka usoni. Vilipogeuziana migongo, ile mipasuo iliyoinama ilikatana kama alama ya kuzidisha. Uzi ulipita kwa kusukumwa na mshono ukalala vibaya. Kwa viraka, matundu ya duara. Kijana alitazama kwa muda, akaacha kuzungumzia seti nzima.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Hesabu. Bikari yenye skrubu, 900. Patasi mbili, 3,200. Hizo ninunue, na zilipiwe na mikanda ya suruali na pochi, kwa maana viondo havizihitaji na akina mama wasibebeshwe bei yake. Gurudumu, hapana: patasi imeshafanya kazi yake. Mfereji wa uzi unalinda mshono usisuguliwe, lakini unakata uso wa ngozi na kwa kromu haufai, kwa hiyo usubiri siku nitakapopata ngozi ya gome ya kutosha. Leza mpwa abaki nayo.

Jumamosi, 18 Januari

Mwenyekiti amekuja na mteja wa Nairobi kwenye simu. Viondo vimependwa. Oda ijayo anataka ribiti za shaba badala ya mshono, mbili kila ncha ya mkanda.

Ribiti nne kwa kiondo kizima. Kazi inakuwa fupi, lakini matundu mawili yanayosimama peke yao yakiinama kidogo yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na ribiti ikishagongwa haifumuliwi kama uzi. Mkonge lazima utanuliwe kwa msharasi bila kukata unyuzi, na ndani kiraka kiwe kinene ili kichwa cha ribiti kisizame. Kielelezo cha jerikani kipya, matundu mawili, mstari wa katikati umechorwa kwa kalamu ya fedha. Bei nimemwambia haitashuka. Amesema atafikiria.

Nitamfanyia kimoja cha mfano. Hapa Tawa ribiti za shaba sijaziona, itabidi mpwa apite soko la Kariokor huko Nairobi, achukue na bikari hapo hapo. Patasi zisubiri mwisho wa mwezi. Koleo la kubania ribiti asiniulize; nyundo ninayo.