Siku 12 katika motokari yenye kitanda

Wengi wenu mliona picha yetu mkatuuliza kwa simu: "Ile ni nyumba ama ni motokari?" Tuliahidi kujibu kwa maandishi. Basi leo tunaandika sisi wawili, Papa na Mama, kwa kalamu moja. Pale ambapo hatukusikilizana, tutawaambia pia.

Jibu ni hili: ni vyote viwili. Mbele kuna viti vya dereva na mwenzake. Nyuma kuna meza ambayo usiku inageuka kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, beseni la kuoshea vyombo, frigo ndogo, tangi la maji na choo cha kuchomoa. Watoto wetu walichanga feza wakatukodishia kwa siku 12, juu tulikuwa tunatimiza miaka 27 ya ndoa. Mtoto wa mwisho alikuwa ametoka nyumbani kwenda chuo kikuu, na nyumba ilikuwa imenyamaza.

Ilinyamaza pia kwa sababu nyingine. Tangu Noeli tulikuwa tukivutana juu ya akiba yetu. Papa alitaka feza ziende Bukavu kumaliza paa ya nyumba tuliyoanza kwenye kiwanja chetu. Mama alitaka kulipia masomo ya kutunza wazee, na kwa kazi hiyo mtu lazima awe dereva, kwani mtunzaji huenda nyumba kwa nyumba. Kibali cha kuendesha Mama alikuwa nacho tangu miaka mitatu, lakini kila tulipokuwa pamoja, usukani ulikuwa wa Papa. Hatukupigana wala kutukanana. Maneno tu yalikuwa yameisha.

Tuwaambie kwanza nchi yenyewe. Nyuzilandi ni visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo, mbali kusini katika Bahari ya Pasifiki. Kongo yetu inaizidi kwa ukubwa karibu mara tisa. Watu wake ni zaidi ya milioni 5, na kondoo ni zaidi ya milioni 20. Sisi tunakaa Palmerston North, kisiwa cha kaskazini, lakini milima mirefu iko kisiwa cha kusini. Kwa hiyo tulishuka mpaka Wellington, tukaingiza motokari ndani ya meli, na baada ya saa tatu na nusu tukafika Picton. Mwishoni meli inapita katikati ya vilima vya kijani vinavyotumbukia majini. Mama alisema: "Ungefikiri tunaingia Bukavu kutoka Goma." Lilikuwa neno la kwanza la furaha siku ile.

Kutoka Picton barabara inafuata bahari mpaka Kaikōura. Tarehe 14 Novemba 2016 tetemeko la nguvu ya 7.8 lilipiga pale. Milima iliporomoka juu ya barabara, ikafungwa mwaka mzima na zaidi, na sehemu za chini ya bahari zilinyanyuka zikabaki nchi kavu. Mpaka leo unaona mawe yale, na juu yake sili wamelala wakiota jua kama wazee kwenye barza. Sisi ambao tulikuwa Bukavu ile siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka, tulisimama pale kimya tukakumbuka.

Usiku wa kwanza tulijifunza sheria za kulala barabarani. Huegeshi popote unapotaka. Unatafuta kambi, au mahali ambapo serikali ya mtaa imeruhusu, na mara nyingi motokari lazima iwe na choo chake. Na choo kile kina mwisho: kila siku mbili hivi unachomoa sanduku lake, unalipeleka kwenye kituo maalum, unamwaga, unasuuza. Ni nani atafanya? Tulitazamana. Katika miaka 27 kazi ya namna ile ilikuwa inajulikana ni ya nani. Papa alivaa glavu akaenda. Aliporudi alisema tu: "Kumbe si kitu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Katika mji wa Christchurch tulipiga picha ambayo ni yenu, wamama. Kando ya mto Avon kuna ukumbusho wa Kate Sheppard na wenzake. Mwaka 1893 wanawake karibu 32,000 walitia sahihi karatasi za kuomba haki ya kupiga kura. Kate Sheppard alizigandisha karatasi moja baada ya nyingine, zikawa ukanda mrefu wa mamia ya meta, zikaviringishwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio na kupelekwa bungeni. Tarehe 19 Septemba 1893 sheria ikapita, na Nyuzilandi ikawa nchi ya kwanza yenye kujitawala kuwapa wanawake wote kura ya bunge. Sura yake iko kwenye noti ya dola 10. Mama alitoa noti kwenye kibeti akaitazama muda mrefu. Papa hakusema kitu.

Kutoka pale tuliacha bahari tukapanda kuelekea ziwa Tekapo. Rangi ya maji yake ni buluu ya maziwa, kama mtu amemimina rangi ndani. Sababu yake ni barafu ya milimani: inasaga mawe mpaka yanakuwa unga laini, unga unashuka na mito, unaelea ziwani na kurudisha mwanga wa jua. Ukingoni kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1935. Nyuma ya madhabahu kuna dirisha la kioo kitupu, na kupitia humo unaona ziwa na milima. Tuliomba pale, kila mtu sala yake.

Siku mbili tulilala chini ya Aoraki, mlima mrefu kuliko yote ya nchi, meta 3,724. Wamaori wa kisiwa hiki wanasimulia kwamba Aoraki na ndugu zake walikuwa wana wa Mbingu. Mtumbwi wao ulikwama ukapinduka, wakapanda juu ya mgongo wake, wakageuka mawe. Mtumbwi ni kisiwa, na ndugu wale ni milima. Tulipanda ngazi mpaka mahali pa kutazamia barafu ya Tasman. Chini yake kuna ziwa kubwa lenye vipande vya barafu vinavyoelea. Ziwa lile halikuwapo miaka 60 iliyopita: barafu inayeyuka na kurudi nyuma, maji yanachukua nafasi yake.

Pale pia tulisoma habari za Freda Du Faur, mwanamke kutoka Australia. Watu walinung'unika kwamba mwanamke asiyeolewa atalala vipi milimani na kiongozi mwanaume. Yeye alivaa sketi juu ya suruali, akapanda, na tarehe 3 Desemba 1910 akawa mwanamke wa kwanza kusimama juu ya Aoraki. Jioni tulipika bugali na sombe juu ya lile jiko dogo, na Mama akauliza polepole: "Papa, wewe unaogopa nini hasa nikiendesha?" Papa akajibu kwamba barabara ni za milima. Mama akasema: "Mimi nimezaliwa wapi?" Hatukuendelea.

Siku ya saba tulivuka mlima kupitia Haast kuingia upande wa magharibi, na huko dunia ikabadilika. Upande wa mashariki ni nyasi kavu za rangi ya simba. Magharibi mvua inapiga karibu kila siku, maana mawingu ya bahari yanagonga milima na kumwaga mzigo wao. Msitu ni mzito, maporomoko yanashuka kila kona, na kuna vijidudu vyeusi vidogo vinavyouma kuliko mbu.

Na kuna madaraja ya njia moja. Kabla ya kila daraja kuna kibao chenye mishale miwili. Mshale wako ukiwa mkubwa, unapita kwanza. Ukiwa mdogo na mwekundu, unasimama unampisha anayekuja. Daraja la mto Haast lina meta zaidi ya 700, kwa hiyo katikati wameweka sehemu za kupishania. Mengine ni mafupi na hayana.

Kwenye mojawapo ya hayo mafupi, mvua ikinyesha, tulikuwa tumeanza tena habari ya paa na masomo. Papa alikuwa anasema bila kusikiliza, na Mama vilevile. Kibao kilikuwa na mshale mdogo mwekundu. Hakuna aliyekiona. Tulikuwa katikati ya daraja wakati kamyo kubwa ya maziwa ilipotokea mbele na kusimama, taa zake machoni mwetu. Chini yetu mto ulikuwa umejaa.

Dereva wa kamyo hakupiga honi wala kutukana. Alingoja. Ilibidi sisi turudi nyuma, lakini kwa nyuma ya motokari ile, ndani ya mvua, Papa hakuona kitu. Mama aliteremka. Alisimama mwisho wa daraja, kikwembe kimemgandama mwilini, akaonyesha kwa mikono: kidogo, kidogo, kushoto, simama, njoo. Mara moja gurudumu lilikaribia ukingo, akapiga kelele, Papa akasimama. Tulipotoka, kamyo ikapita, dereva akainua mkono kutushukuru. Kutushukuru sisi wenye kosa!

Tuliegesha pembeni. Mama alikuwa anatetemeka kwa baridi, Papa kwa hofu. Wale mliopanda milima ya Ngomo kwenda Uvira mnajua: wawili wakikutana mahali pembamba na kila mmoja akakataa kurudi, hakuna anayefika. Papa alisema: "Nilikuwa nakuamini wewe kwa maisha yetu pale, dakika tano. Na usukani nimekunyima miaka mitatu." Mama akasema: "Na mimi sikuuliza kwa nini paa ile inakuumiza." Ndipo Papa akasema jambo ambalo hakuwahi kusema: kwamba mama yake, kila simu, anauliza kama ataiona nyumba ile kabla ya kufa.

Usiku ule, mvua ikipiga juu ya bati la motokari, tulizungumza mpaka usiku wa manane. Ndani ya chumba cha hatua nne hakuna pa kukimbilia, hakuna televisheni, hakuna mtoto wa kumtuma maneno. Kesho yake tuliona barafu ya Franz Josef kwa mbali. Wamaori wanaiita Machozi ya Hine Hukatere, mwanamke aliyempoteza mpenzi wake mlimani, machozi yake yakaganda. Tulisoma kibao kile tumeshikana mikono kama vijana, mpaka watalii wakatupisha.

Siku ya kumi na moja, kutoka upande wa Hokitika, Mama alishika usukani kupanda Arthur's Pass. Njia inapanda mpaka meta 920, na chini yake kuna daraja refu la Otira, lililofunguliwa mwaka 1999, linaloning'inia juu ya bonde kali. Papa alikaa kimya, mikono kwenye magoti, na tunakiri kwamba alisali. Juu kabisa tulisimama kupumzika, na kasuku wa milimani wanaoitwa kea wakatua juu ya motokari wakaanza kuvuta mpira wa kioo. Mama alishuka akawafukuza kwa kitambaa, akarudi, akawasha moto, akateremsha motokari mpaka upande wa pili.

Mtauliza: na feza je? Tuliamua hivi. Mwaka huu ni masomo. Mama atakapoanza kazi, mshahara wake wa miezi ya kwanza utaenda kwenye paa. Kwa sasa tumetuma kiasi kidogo cha kukamilisha chumba kimoja, chumba cha Bibi, ili akione. Papa bado anasema mwaka ni mrefu. Mama bado anasema mshahara wake usihesabiwe kabla haujaingia. Hatujamaliza, lakini tunaongea.

Hatuwaambii mje Nyuzilandi, safari ni ghali na ni mbali. Lakini pale kwetu boti ziko, na Idjwi iko, kisiwa cha milima vilevile. Mama na Papa, siku moja ya posho, wachieni watoto shangazi, chukueni chakula kwenye kikapu, muende wawili tu. Na mkifika mahali pembamba, tazameni kwanza mshale wenu ni upi.