Mufwankolo, mtunzi asiye na karatasi

Vijana, mkiulizwa jina la mtunzi wa televisheni wa mji wetu, mtajibu nini? Sisi tuliokulia Bel-Air enzi za Zaire tungejibu bila kusita: Mufwankolo, yaani mzee Kyembe Kaswili, pamoja na kundi lake. Walicheza kwa Kiswahili cha sokoni na cha uani, kile kile tulichokatazwa darasani.

Michezo yao haikuandikwa. Waliketi, wakabishana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, aliwauliza maana ya msemo aliousikia mezani alipoandaliwa firigisi ya kuku: mamlaka huliwa mazima. Wakalijibu swali kwa mchezo mzima juu ya chifu, wakauigiza kijijini Kawama mbele ya kamera. Fabian alinakili hata mabishano ya mazoezi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990.

Mimi huwadai walimu wanafunzi maandalio ya somo yaliyoandikwa, wala sitaacha. Hata hivyo, katika mabishano yale naona nidhamu kuliko katika madaftari mengi ninayosahihisha.

Mchezo ule tunaweza kuusoma leo kwa kuwa mgeni alikuwa na kinasa sauti. Mingine mingi imo vichwani mwa wazee walioitazama, na baadhi yao huketi mabenchi ya mbele katika misa ya kwanza.