Jicho la Simba ni Tisheti

Tisheti arobaini zilirudi kwangu Makina, Kibera, ndani ya gunia la viazi, Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha kuchapa. Nahodha wa timu hakupiga kelele. Angepiga ningemjibu, maana majibu nilikuwa nayo tayari: wino wa siku hizi ni maji, kitambaa cheusi hunywa rangi, stima ilipotea katikati ya kazi. Yeye alitoa tisheti moja, akaikunjua mbele ya kifua chake, akaniuliza, "Fundi, huyu ni mnyama gani?"

Alikuwa simba. Kwenye laptopu alikuwa simba kweli: uso wa manjano, manyoya ya shingoni yakianza mekundu na kuishia rangi ya chungwa, na chini yake jina la timu kwa kijani. Kwenye tisheti nyeusi alikuwa kama mbwa aliyenyeshewa, amekaa ndani ya wingu jeupe. Nilimrudishia nahodha pesa alizotanguliza, tisheti nikabaki nazo. Akiondoka alisema, "Kuna mama fulani kwetu Kawangware. Nitampelekea yeye." Neno hilo liliniuma kuliko hasara.

Mimi nilitoka kwenye brashi. Nilikulia Kibera nikisoma kuta kabla ya vitabu: bei za kinyozi, samaki waliochorwa mlangoni kwa muuza samaki, na baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, maneno ya amani ambayo msanii Solo7 aliyaandika kwenye kuta na mabati mtaani kote. Solo7 ni wa Maasai Mbili, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2001 na wachoraji wawili wa mabango, kikaweka studio yake hapo hapo Kibera. Kwa hiyo kijana wa kwetu aliyeshika brashi hakujiona mtu wa hivi hivi. Nilijiita msanii siku ile ile nilipolipwa kuandika "Hoteli" ukutani.

Brashi ina tabia moja mbaya: husamehe. Ukikosea herufi unangoja rangi ikauke, unapaka nyingine juu, kosa linazikwa na mwenye duka hajui. Nilipoingia kwenye uchapaji wa tisheti, niliingia na imani hiyo, kwamba hakuna lisilofunikika.

Rafiki alinionyesha kazi kwa wiki moja. Fremu ya mbao, wavu uliovutwa hadi ukalia kama ngoma, emalsheni iliyochanganywa na dawa yake na kupakwa mahali penye giza. Picha inachapwa kwa weusi kwenye karatasi, karatasi inapakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga, inalazwa juu ya wavu, inabanwa kwa kioo, kisha vyote vinatolewa juani. Palipopigwa na jua emalsheni inakuwa ngumu. Palipokingwa na weusi inabaki laini, na maji ya mtungi yanaiosha itoke. Hapo ndipo wino utakapopita.

Kwa miaka miwili nilichapa tisheti nyeupe: za mazishi zenye jina la marehemu, za shule, za wagombea. Rangi moja, mara chache mbili. Kitambaa cheupe hakikuwahi kunidai chochote, nami nikadhani ndiyo kazi imeisha kujifunzwa.

Simba alipokuja nilifanya nilichojua. Kwenye programu kulikuwa na kitufe cha kutenganisha rangi. Nilikibonyeza, zikatoka karatasi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Sikujua kwamba rangi hizo nne zimetengenezwa ziwe nyepesi kama chai ya rangi ndani ya glasi. Mwanga hupita ndani yake, hugonga weupe ulio chini, kisha hurudi machoni ukiwa na rangi. Kompyuta ilitenganisha picha ikiamini kwamba chini kuna karatasi nyeupe. Chini kulikuwa na usiku. Nilipovuta wino wa manjano kwenye kitambaa cheusi, ilibaki alama kama ya matope.

Basi nikafunika, kama nilivyozoea. Nilitengeneza fremu ya tano yenye umbo zima la simba, nikajaza wino mweupe tele, na kabla haujakauka nikapiga rangi nne juu yake. Nyeupe ikachanganyika na majenta ikawa waridi, ikachanganyika na manjano ikawa kama uji. Na kwa sababu umbo jeupe lilikuwa sawasawa kabisa na umbo la rangi, kila fremu iliposogea kidogo, nyeupe ilichungulia pembeni. Ndilo lile wingu. Kifuani palikuwa pagumu kama gamba, na jasho halikuwa na pa kutokea.

Nilikaa na hasira wiki mbili, kisha nikaenda kumwona aliyechukua mteja wangu. Kwa miguu: nikatokea soko la Toi, nikashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikaingia Naivasha Road. Nilikuwa nimepanga maneno. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la misumari, si mbali na steji ya 46. Nilipoinama kuingia, maneno yote yalinitoka. Kwenye kamba, zikiwa zimeanikwa kwa safu, zilikuwa tisheti nyeusi, na kwenye kila moja simba wangu ananitazama.

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mwenye leso kichwani na vidole vilivyotiwa rangi hadi kwenye kucha. Zamani, aliniambia baadaye, alifanya kazi kwenye kiwanda cha vitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni wewe wa simba?"

Nilikubali. Hakunicheka. Aliniuliza nilianza na rangi gani. Nikasema manjano. Akatikisa kichwa, akafungua ile leso yake na kuitandaza mezani. Ilikuwa kipande cha kanga kuukuu, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe.

"Tazama pindo," akasema. "Unaona mahali nyekundu imepanda juu ya nyeusi? Na hapa, unaona ufa mweupe kati yao?"

Nimezaliwa nimefungwa kanga na kubebwa kwa kanga, lakini ufa ule sikuwahi kuuona. Akanieleza kwamba kila rangi ya kanga hupita peke yake, na aliyeitengeneza lazima azitenganishe kichwani kabla mashine haijawashwa. Zikipishana kidogo, kitambaa kinasema. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Lakini kanga inaanza ikiwa nyeupe, mwanangu. Tisheti yako imeanza ikiwa nyeusi. Ule weupe ambao kanga imepewa bure, wewe lazima uuchore."

Akanionyesha filamu zake tano, kila moja kwenye plastiki angavu badala ya karatasi ya mafuta. Zote zilikuwa nyeusi. Filamu ya nyekundu nyeusi, ya kijani nyeusi. Nami nilikuwa nimewahi kuchapa ya samawati kwa samawati, nikashangaa kwa nini wavu ulikataa kufunguka! Jua halijali jina la rangi. Linachouliza ni kama linapita au halipiti.

Filamu ya kwanza ndiyo msingi mweupe, ambao mafundi wengi huuita bezi. Nilitarajia umbo zima la simba, kama langu. Nilichokiona kilikuwa kivuli cha simba. Chini ya uso wa manjano palikuwa pamejaa kabisa, kwa sababu manjano haiwezi kusimama bila weupe. Chini ya manyoya yaliyo gizani palikuwa na vinukta tu, vikipungua hadi kuisha. Na kwenye jicho hapakuwa na kitu.

"Mama, jicho limesahaulika."

"Halijasahaulika. Jicho ni tisheti."

Nilikaa kimya. Mimi nilikuwa nimetengeneza fremu nzima ya wino mweusi ili niupige kwenye kitambaa cheusi, tena juu ya wino mweupe nilioweka mwenyewe. Yeye aliacha tundu, kitambaa kikafanya kazi ya rangi ya sita bila kulipwa.

Kisha akalaza filamu ya manjano juu ya ile ya msingi, akalinganisha misalaba midogo iliyochorwa pembeni. Msingi ulikuwa mdogo kuliko manjano, umebanwa ndani pande zote kwa pointi moja, yaani karibu theluthi moja ya milimita. Nilimwambia kwamba kwa wajenzi msingi hutoka nje ya ukuta. Akacheka. "Huu unaingia ndani. Fremu ikicheza, manjano inaufunika. Ukitoka nje, umeuvua nguo."

Nilirudi kila Jumamosi kwa miezi minne. Nilifagia, nikaosha fremu, nikabeba mitungi, na nikajifunza. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita hupitisha wino mwingi, unafaa kwa herufi nene na nyeupe nzito, lakini hauwezi kushika nukta ndogo. Picha yenye vivuli inataka wavu mwembamba zaidi, kama wa nyuzi 77. Nyuzi 77 kwa sentimita ni karibu 195 kwa inchi, na ukigawanya hizo kwa nne na ushee unapata mistari 45 ya nukta kwa inchi. Ukizidisha, nukta zinakosa uzi wa kushikilia. Mistari hiyo, alisema Mama, niilaze kwa pembe ya digrii 22 na nusu, ili isigombane na nyuzi za wavu na kuleta mawimbi. Na nukta huvimba ikifika kwenye kitambaa, kwa hiyo kivuli kinachokupendeza kwenye kioo cha kompyuta ukipunguze kabla hakijawa doa.

Rangi ya chungwa kwenye manyoya haikuwa na filamu yake. Ilikuwa manjano iliyojaa, na nukta nyekundu zikipungua juu yake. Jicho la mtazamaji ndilo lililochanganya. Filamu ya tano ilikuwa nyeupe tena, lakini nyeupe ya mwisho: ncha za meno na mng'ao mdogo puani, juu ya kila kitu. Msingi ulipopigwa, ulikaushwa kwanza kwa joto hadi ukawa haushiki kidole, ndipo rangi zikafuata. Kuiva kwenyewe, kwa wino wake wa plastiki, kulikuja mwisho, karibu digrii 160. Hapo kabla mimi nilikuwa napitisha pasi na kuomba Mungu.

Watu wakisikia habari hii hudhani nilichojifunza ni kompyuta. Kompyuta nilikuwa nayo. Kilichobadilika ni mahali ninapoanzia. Zamani nilianza na picha, nikaipenda, kisha nikaitafutia mahali pa kuibandika, kama ukuta wa hoteli. Sasa mteja akinionyesha picha kwenye simu, swali langu la kwanza ni, "Tisheti ni ya rangi gani?" Bila jibu hilo siwezi kumwambia bei, kwa sababu picha ile ile inaweza kuwa fremu mbili kwenye nyeupe na tano kwenye nyeusi.

Wengine hukasirika. Wanasema naleta maswali mengi kwa kazi ya siku moja. Nawaeleza kwamba kutayarisha picha yenye rangi nne hunichukua siku nzima kabla sijafungua kopo la wino, na kwamba siku hiyo nailipisha. Wapo waliokwenda kwa anayechapa leo leo. Wapo waliorudi. Na ipo kazi niliyoikataa, picha ya harusi yenye nyuso mbili gizani, kwa sababu sikuwa na wavu wa kuibeba. Mimi wa zamani ningeipokea, kisha ningeilaumu stima.

Hilo ndilo ningependa vijana wa kwetu walisikie zaidi ya hesabu za nyuzi. Katika visingizio vyangu vyote vya Jumatatu ile, hakuna kimoja kilichogusa kosa lenyewe. Wino ulikuwa mzima. Kitambaa kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa limemalizika siku tatu kabla, kwenye laptopu, nikiwa nimekaa na chai, nimeridhika.

Zile tisheti arobaini sikuzitupa. Nilizigawa kwa watu wa mikokoteni, kwa vijana wa kuosha magari, kwa jirani aliyepaka nyumba. Sikufikiri kwamba zingekaa mtaani muda huo wote. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikutana na simba wangu: kwenye reli ya Laini Saba, kwenye foleni ya maji, siku moja ndani ya matatu, amevaliwa na mtu ambaye sikumjua. Rangi zimebanduka, lakini ukingo mweupe umebaki, nao hunifikia kabla sijaona uso wa aliyevaa.

Mwezi uliopita nilimsimamisha kijana mmoja wa mkokoteni pale Makina. Nikamwambia nitampa tisheti mpya, nzuri, nichukue ile. Aliitazama kifuani, akanitazama mimi.

"Hii iko na shida gani?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona mzigo wake unamngoja na njia imejaa. Nilimwambia aje kibandani jioni, nitamwonyesha. Alikuja. Nikamtandikia mezani kipande cha kanga, nikamwambia atazame pindo.