Philadelphia: Kiti cha mkahawani kilipozua kizaazaa

Je, msomaji, umewahi kuketi mkahawani bila kununua chochote, ukimngoja mwenzako? Hapa Nairobi mhudumu atakukazia macho, pengine akuulize mara tatu utakunywa nini. Katika jiji la Philadelphia, mashariki mwa Marekani, vijana wawili weusi walifanya hivyo Aprili 12, 2018 wakaishia kutiwa pingu.

Ukifika huko, tembea hadi pembe ya barabara za 18 na Spruce, karibu na bustani ya Rittenhouse, mtaa wa wenye nazo. Hapo ndipo vijana hao walipokuwa wakimngoja mtu wa kuzungumza naye biashara katika mkahawa wa Starbucks. Mmoja aliomba kutumia msala, akanyimwa kwa kuwa hakuwa amenunua kitu. Muda si muda polisi wakaitwa. Waliachiliwa saa kadhaa baadaye bila mashtaka, lakini kumbe mteja mmoja alikuwa amelinasa tukio hilo kwa video! Mei 29 kampuni hiyo ilifunga mikahawa zaidi ya 8,000 kote Marekani kwa alasiri moja ili kuwafunza wafanyakazi kuhusu ubaguzi. Nalo jiji likawalipa vijana hao dola moja moja tu, kama walivyokubaliana, na kuahidi dola 200,000 za kuwasaidia vijana wanaoanza biashara.

Hata hivyo, wapo waliokuwa wamechoka kungoja kukaribishwa zamani.

Chukua mfano wa Ariell Johnson. Alipokuwa mwanafunzi, alikuwa akinunua vitabu vya katuni dukani, kisha anavuka barabara kuvisoma katika mkahawa. Mkahawa huo ulipofungwa, akajiuliza mbona vitu hivyo viwili visiwe chini ya paa moja. Desemba 2015 alifungua Amalgam Comics & Coffeehouse katika barabara ya Frankford, mtaa wa Kensington. Kahawa upande huu, katuni upande ule, na wachoraji weusi ambao kazi zao hazikupata rafu kwingine wakapata pa kuziweka. Mwaka wa 2016 kampuni ya Marvel ilimchora yeye mwenyewe kwenye jalada moja la Invincible Iron Man. Lakini sifa hazilipi kodi ya nyumba. Duka hilo lilifungwa mwaka wa 2022, na ukienda leo hutalikuta.

Kwa hivyo elekea kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, hadi Germantown. Huu ni mtaa mkongwe. Mwaka wa 1688 Wakweka wanne wa hapa waliandika waraka wa kupinga utumwa, wa kwanza wa aina yake katika makoloni ya Waingereza huko. Kando ya barabara ya Germantown bado ipo nyumba ya akina Johnson, ambamo watumwa waliotoroka kusini walifichwa.

Katika barabara hiyo hiyo Profesa Marc Lamont Hill alifungua Uncle Bobbie's Coffee & Books Novemba 2017, miezi mitano kabla ya kisa cha Spruce. Bobbie alikuwa anko wake, aliyemtia hamu ya kusoma. Hill alitaka wakazi, wengi wao weusi, wapate vitabu karibu na nyumbani, na mahali pa kuketi bila kutupiwa jicho. Waandishi wamekuja hapo kuzungumzia vitabu vyao, na watoto wamesomewa hadithi. Mtu wa Mombasa atalielewa jambo hili upesi: kahawa chungu ya barazani haikuwa kinywaji tu, ilikuwa ruhusa ya kuketi na kusema.

Linalonishangaza ni kwamba zao hili asili yake ni Ethiopia. Hapa kwetu, wakoloni walimzuia Mwafrika kulipanda hadi miaka ya 1930, na hata alipokubaliwa, kwanza Meru, Embu na Kisii, ilikuwa kwa vipimo. Mpaka leo wakulima wengi wa Nyeri huchuma kahawa mchana kutwa, jioni wakanywa chai.

Ukifika Uncle Bobbie's, agiza kikombe kimoja, chagua kitabu na uketi. Kisha umuulize anayekuhudumia buni hizo zimetoka wapi. Huenda akakutajia mlima unaoujua.