Mtungi Juu ya Meza

Ukitoka Mwanga kwenda Same kwa barabara kuu unapita Kisangara, halafu Lembeni. Milima ya Upare iko kushoto kwako muda wote, na kulia ni nyika inayoteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Jua la Lembeni huchelewa, kwa kuwa lazima kwanza lipande mgongo wa Usangi, lakini likishatokeza halina huruma. Huko juu watu wanaamka na ukungu; sisi wa tambarare tunaamka na vumbi. Hapo ndipo nilipoanza kazi ya kulea watoto, mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 21 na cheti changu cha Kisangara hakijapata hata mkunjo.

Chuo cha Kisangara kilikuwa kikifundisha walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Siku hizi ni kampasi ya Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Tulijifunza makuzi ya mtoto, nyimbo, michezo, lishe, na namna ya kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vizibo vya soda, mabua na udongo wa mfinyanzi. Nilitoka pale nikijua vitu vingi, na nilijua kwamba navijua. Hilo la pili ndilo lililonichelewesha kujifunza vingine.

Kituo nilichopangiwa kilikuwa cha kijiji. Wazee walisema kilianza zama za ujamaa, pale ambapo baada ya Azimio la Arusha la 1967 vijiji vingi, mara nyingi kwa mkono wa akina mama wa Umoja wa Wanawake (UWT), vilifungua mahali pa kuacha watoto wakati wa kilimo. Jengo lilikuwa stoo ya zamani ya ushirika: chumba kimoja kirefu, madirisha madogo ya juu, baraza mbele. Tulikuwa watu watatu: mimi, msaidizi wangu, na mama mpishi. Watoto walikuwa 43, wa miaka miwili hadi sita. Ada ililipwa baada ya mavuno, kwa debe la mahindi na maharage kidogo, na kila mzazi alileta kuni. Asubuhi uji, mchana makande. Nje tulikuwa na uzio wa mkonge, maana katika nchi ile ya mashamba ya mkonge hiyo ndiyo miche ya bure, nayo huota hata pale ambapo hakuna kingine kinachokubali.

Wakati huo vituo vyetu viliongozwa na sheria ya mwaka 1981 ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Kila kituo kilitakiwa kusajiliwa na kukubali kukaguliwa. Ukaguzi wa kwanza niliouona ulifanyika miezi michache baada ya kufika kwangu. Mkaguzi aliwekewa kiti chini ya mwarobaini, akaletewa soda, akaniita na daftari langu la mahudhurio. Aliuliza, nikajibu, akaweka vema. Uzio upo? Upo. Choo kipo? Kipo. Maji safi ya kunywa yapo? Yapo. Jiko liko mbali na darasa? Liko mbali. Hakuna hata jibu moja nililodanganya. Alipoondoka mwenyekiti wa kijiji alinipa mkono, nami nikalala usingizi mzito.

Mwaka uliofuata, 1997, ulianza kwa ukame. Mahindi ya wazazi wengi yalikauka yakiwa magotini, na makande yetu yakawa mahindi mengi na maharage ya kuhesabu. Mwezi Septemba tukapata barua kwamba afisa mwingine wa ustawi wa jamii angekuja. Tukajiandaa. Hapa naandika jambo ambalo sikuwahi kuwaambia wazazi wale. Tulipaka chokaa, sawa. Tulifagia hadi chini ya miti, sawa. Lakini pia tuliazima mabenchi kanisani, mikeka kwa majirani, na kikapu cha midoli kwa familia moja iliyokuwa na ndugu mjini. Watoto waliiona midoli ile kwa mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo, na nikawakataza kuigusa mpaka mgeni afike.

Afisa alishuka kwenye Hiace saa tatu kasoro. Alikuwa mama wa makamo, kitenge begani, raba miguuni. Akasalimia wazee, akasalimia mama mpishi kwa muda mrefu kuliko alivyonisalimia mimi, akapokea shikamoo za watoto mmoja mmoja. Kiti cha chini ya mwarobaini alikiona, akashukuru, hakukikalia. Aliniambia, “Mwalimu, wewe endelea na kazi yako,” kisha akaingia ndani akaketi sakafuni, nyuma kabisa, mgongo ukutani, kama mtoto aliyechelewa.

Nilifundisha vibaya siku ile. Sauti ilinikauka. Baada ya wimbo wa pili alimgeukia mtoto aliyeketi jirani yake, mvulana wa miaka mitatu hivi, akamwambia polepole, “Mjukuu wangu, bibi ana kiu. Nipeleke pale unapokunywa maji.”

Moyo wangu ukatulia. Maji yalikuwa fahari yangu. Tulikuwa tukiyachemsha, tukiyapoza, tukiyaweka kwenye mtungi wenye kifuniko, na mtungi ulikaa juu ya meza pembeni mwa mlango, na kikombe cha bati kimefunikwa kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe.

Mtoto alimshika mkono. Wakapita meza. Wakatoka nje. Wakazunguka pembe ya jengo hadi kwenye ndoo ya kunawia mikono, ile inayokaa chini karibu na choo, maji yake yakiwa ya korongoni, rangi ya chai ya maziwa. Mtoto alichuchumaa, akachota kwa viganja viwili, akanywa. Akachota tena, akamwinulia afisa. “Bibi, kunywa.”

Afisa hakusema neno. Alimpangusa mtoto kidevu kwa ncha ya kitenge chake, akarudi naye ndani, akamsimamisha kando ya meza. Ukingo wa meza ulimfikia mtoto puani. Mtungi wenyewe ulikuwa umesogezwa katikati ili usidondoke. Tuliuweka juu kuukinga na vumbi na kuku, na hilo lilikuwa sahihi. Mtoto aliyetaka maji alipaswa kumwomba mtu mzima, na hilo tulilidhani sahihi pia. Ila saa nne, watu wazima watatu wakigawa uji kwa watoto 43, nani alikuwa na sikio la kumsikia mtoto wa miaka mitatu akiomba maji?

Mwaka mzima nilikuwa nikiandika kwenye daftari neno moja: kuhara. Fulani hakuja, anahara. Fulani kachukuliwa mapema, anahara. Nililaumu maembe mabichi. Nililaumu kina mama. Siku moja nilimwambia mzazi mmoja mbele ya wenzake kwamba nyumbani kwake hawanawi mikono. Alinisikiliza kwa adabu, akanijibu, “Sawa, mwalimu,” akaondoka na mtoto wake mgongoni. Yule mama bado namkumbuka.

Kuanzia hapo ukaguzi ukawa kitu nilichokuwa sijakiona. Afisa aliomba futi ya fundi cherehani. Akapima mtoto kutoka unyayo hadi jicho, wa miaka miwili, wa minne, wa sita, akaandika. Kisha akatembea kando ya uzio akiwa ameinama, kiganja chake kimetangulia mbele ya uso. Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mweusi mgumu kama msumari. Mimi nilipopita pale, miiba ile ilikuwa ikinigusa pajani. Kwa mtoto wa miaka minne ilikuwa usawa wa jicho, na watoto wale walikuwa wakikimbiza mpira wa matambara huku na huko, kila siku, pembeni mwa miiba ile. Uzio upo? Upo.

Chooni aliingia peke yake, akaniita. Aliweka shibiri juu ya tundu la shimo. Ikaingia shibiri nzima na vidole vikabaki na nafasi. “Huyu wa miaka miwili anapita hapa,” alisema. “Naye anajua.” Ndipo nilipoelewa kwa nini wadogo walikuwa wakijisaidia nyuma ya choo, kitu nilichokuwa nikikiita ukaidi, na ambacho, nakiri, niliwahi kukichapia fimbo. Walikuwa wakiogopa kufa, na hawakuwa na maneno ya kunieleza.

Jiko, madirisha na sanduku la huduma ya kwanza alivipitia haraka. Mpishi akaambiwa aende akapimwe afya, apate cheti. Ila kwenye kadi za kliniki alikaa zaidi ya saa moja, akizipanga juu ya mkeka kama mtu anayecheza karata. Katika kadi zile uzito wa mtoto ulichorwa kwenye njia za rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Watoto wengi walikuwa wameanza kuteremka tangu ukame. Mmoja alikuwa amefika kwenye nyekundu, na nilikuwa na kadi yake kabatini. Nilikuwa nimezikusanya kwa sababu tuliagizwa kuzikusanya. Jioni ile afisa alikwenda kwa miguu hadi kwa mama wa mtoto yule. Sikusikia waliyozungumza. Wiki iliyofuata mtoto alikuja na kifurushi cha karanga za kutwangia kwenye uji, na mwenyekiti akapata samaki wakavu wa Nyumba ya Mungu kwa watoto wote.

Siku ile ya ukaguzi, afisa alipokuwa akiaga, aligeuza benchi moja, akasoma maandishi ya rangi chini yake.

“Mwalimu, mabenchi haya yanarudi kanisani lini?”

“Kesho, mama.”

“Yarudisheni leo. Midoli waachieni wacheze kwanza hadi jioni.”

Sikuweza kumtazama. Mwenyekiti ndiye aliyesema, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake: “Mama, ukitufungia, watoto hawa wataenda wapi? Mama zao watawabeba mashambani, wawaweke chini ya mti, kule kwenye makorongo.”

“Najua, mzee wangu. Ndiyo maana sifungi,” akajibu. “Na ndiyo maana naandika yote.”

Akatupa mwezi mmoja. Mbiu ikapigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo asiyekwenda hutozwa na hujua sababu. Wanaume waling’oa mkonge ule kwa siku mbili, wakasimika nguzo na fito. Fundi mwashi akamwaga sakafu mpya ya choo, imeinuliwa, ina matundu madogo ambayo mguu wa mtoto hauwezi kupita, na ukutani ufito wa kushikia. Fundi seremala alileta msumeno, akaigeuza meza yangu miguu juu, akaniuliza akate wapi. Nikampa ile futi.

Novemba zikaja mvua za El Niño. Waliokuwapo wanakumbuka: korongo lililobaki na maji kidogo tu ya tope mwaka mzima lilishuka kutoka mlimani na magogo na mawe, likanguruma usiku kucha. Vyoo vingi vya bondeni vilijaa vikafumuka. Chetu, kwa ule uinuko wake, kilisimama. Tulifunga kituo siku tisa tu.

Baadaye nilirudi masomoni, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa upande wa pili, wa wale wanaofika na fomu. Sheria ile ya 1981 ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kanuni zikaandikwa upya. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na nilifurahi, kwa sababu hatimaye afya, lishe, ulinzi na kujifunza viliwekwa kwenye karatasi moja. Viwango vipo na ni vizuri. Darasa la awali linatakiwa kuwa na mwalimu mmoja kwa watoto 25. Choo, tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Nimeingia madarasa ambayo hesabu hizo zimevukwa mara tatu, na nimeingia vituo ambavyo hesabu zote zimetimia na watoto wana kiu.

Kwa hiyo mimi huwa sijazi fomu kwanza. Huwaomba walezi waendelee na kazi. Hukaa sakafuni, na siku hizi magoti yangu hulalamika wakati wa kuinuka. Nikishazoeleka humwambia mtoto mmoja kwamba bibi ana kiu. Vijana ninaofuatana nao wakati mwingine huona tunapoteza muda, kwa kuwa afisa mmoja ana vituo vingi na siku ni ile ile. Siwalaumu. Nawaambia wasubiri waone mtoto anaelekea wapi.

Fundi alipokata meza yetu ilibaki miguu minne mifupi ya mninga, kila mmoja kama urefu wa kiganja na vidole. Nilitaka kuitupa jikoni iwe kuni. Watoto waliiwahi. Siku hiyo ilikuwa mabehewa, wakaipanga mmoja nyuma ya mwingine kwenye vumbi, wakaisukuma kuelekea stesheni ya Lembeni, wakipiga honi kwa midomo. Kesho yake ilikuwa ng’ombe. Mvua zilipoanza ilikuwa daraja. Ilidumu kuliko kila kitu nilichowahi kutengeneza kwa mafunzo yangu ya Kisangara, na nilipohama Lembeni mwaka 2003 ilikuwa bado mitatu, pembe zake zimelainika na kung’aa kwa mikono ya watoto.